Tripu Sitini na Mbili

Stanslaus Mseti alikuwa mtendaji wa kijiji cha Rwasereta kwa miaka kumi na tisa ndipo alipoarifiwa, kwa barua yenye muhuri, kwamba hana sifa za kuifanya kazi hiyo. Barua haikuwa na ugomvi. Ilisema tu kwamba kila mtendaji asiye na astashahada ya utawala na fedha za serikali za mitaa aiwasilishe kabla ya tarehe thelathini Juni, na atakayeshindwa atahesabika amejiondoa mwenyewe kazini. Stanslaus aliisoma mara tatu akitafuta mahali alipojiondoa.

Ndivyo alivyojikuta, akiwa na miaka arobaini na nane na miwani ya mnadani, amekaa kila Ijumaa na Jumamosi kwenye kiti cha plastiki katika chuo kimoja cha Manyamanyama, Bunda, akifundishwa kazi yake na kijana aitwaye Gibson. Mwalimu Gibson alikuwa na miaka ishirini na tisa na hajawahi kumdai mwananchi mchango hata wa yai. Lakini sheria alikuwa anazijua kwa vifungu, kama wengine wanavyojua nyimbo.

"Bajeti ya kijiji inaanzia wapi?" aliuliza siku moja.

Darasani walikuwamo watendaji wengine saba waliopata barua kama ile. Wote waliinamisha vichwa wakaanza kuandika tarehe.

"Mzee Stanslaus?"

"Inaanzia halmashauri, mwalimu. Wanatupigia simu."

Darasa likacheka. Mwalimu Gibson hakucheka. "Inaanzia kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mzee wangu. Kila miezi mitatu wananchi wanakaa, wanasomewa mapato na matumizi, wanahoji, wanaamua. Ninyi huko mnafanyaje?"

"Tunafanya hivyo hivyo," watendaji wote wanane walijibu kwa pamoja, kwa sauti nzuri ya kwaya.

Kazi ya kupima waliyopewa ilikuwa ya alama hamsini: mwanafunzi achague mradi mmoja katika kijiji anachokijua, aeleze michango na nguvu za wananchi zilivyopatikana, zilivyoandikwa na zilivyotumika. Stanslaus aliona Mungu amemkumbuka. Taarifa alikuwa ameandika maisha yake yote. Akaandika kurasa nne bila kunyanyua kalamu, kwamba wananchi wa Rwasereta, kwa ari na moyo wa kujituma, waliitikia wito wa viongozi wao na kujitokeza kwa wingi kukusanya mawe.

Karatasi ilirudi na alama kumi na moja. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, Mwalimu Gibson alikuwa ameandika: *Hii ni hotuba. Mawe yako wapi? Rudia, wiki mbili.*

Nyumbani, kilomita kumi na moja kutoka Butiama, mkewe Dorkas alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Aliipokea karatasi akaishika kwa ncha za vidole, asiichafue.

"Kumi na moja ya ngapi?"

"Ya hamsini."

"Mtamba wangu nilimuuza laki sita na ishirini ukasome, Baba Ghati. Hebu nigawie hapo. Kila alama imenigharimu ngapi?"

Stanslaus alivua miwani akaifuta.

"Elfu hamsini na sita na kitu," Dorkas akajijibu. Alikuwa muuza dagaa wa rejareja. Hesabu ndogo hazikumsumbua. Akaisoma kazi yote, midomo ikicheza. "Si ni hotuba kweli? 'Kwa ari na moyo wa kujituma.' Siku ile nilibeba mawe kichwani tangu asubuhi, shingo ikaingia kifuani, hiyo ari niliiacha wapi? Wewe unaandikaga kama DC amesimama nyuma yako. Huyu ni mwalimu. Mwandikie kama unamwandikia mtu anayetaka kujua."

"Akishajua?"

"Si anakupa alama? Hiyo ni shule. Nani alishafungwa kwa kujibu swali la shule?"

Stanslaus aliitafutia hoja hiyo tundu, akalikosa. Alifuta meza kwa mkono wa shati, akakaa, akaandika mambo ya mawe.

Mawe yalikusanywa mwaka 2017, kwa ajili ya zahanati. Kila kaya ilibeba, trekta la mtu likasomba, likaangusha tripu sitini na mbili pembeni ya ofisi ya kijiji. Thamani yake, kwa bei ya tripu elfu arobaini na tano, ikaandikwa kwenye taarifa kuwa nguvu za wananchi. Halmashauri ikapongeza. Kisha ikatulia, na mawe yakatulia. Mwaka 2019 likaja agizo la darasa, na kila kijiji kitaje nguvu za wananchi. Wananchi walikuwa wameshachoka kubeba, na mawe yalikuwepo, yanaonekana kwa macho. Stanslaus akayaandika. Mwaka 2021 ikaja nyumba ya mwalimu. Akayaandika. Mwaka 2023 likaja kalavati la korongoni. Akayaandika, safari hii kwa elfu themanini tripu, maana soko lilikuwa limepanda. Na kwa kuwa taarifa haiwezi kusema mawe yametolewa halafu isiseme yamefanya nini, kila mwisho wa mwaka aliandika pia kwamba mradi umekamilika. Kila mara aliambatisha muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliohudhuriwa na watu mia nne kamili, ambao aliuandika nyumbani, mwenyekiti wa kijiji akatia sahihi akiwa anakula.

*Kwa hiyo,* alimalizia, *mawe ya kijiji hiki yamekuwa yakipanda bei bila kusogea. Kwa hesabu za ofisi yameshajenga vitu vinne vyenye nguvu za wananchi za zaidi ya milioni kumi na tatu. Kwa macho, bado yapo pale. Hakuna aliyekula senti. Hakuna pia aliyetibiwa.*

Alipomaliza alijisikia kama mtu aliyetoka kuoga. Hakujua kwamba hiyo nayo ni dalili ya hatari.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu Gibson aliingia darasani na karatasi moja mkononi, akaisoma yote kwa sauti bila kutaja jina la kijiji wala la mtu. Kwenye mawe kupanda bei darasa lilivunjika. Watendaji wale saba walicheka kuliko wote, kicheko cha watu waliosikia jirani ndiye aliyevamiwa na nyuki.

"Arobaini na sita," mwalimu alisema. "Tangu nianze kufundisha sijatoa alama hiyo. Mzee Stanslaus, simama tukupigie makofi."

Stanslaus akasimama. Makofi yakapigwa. Baada ya kipindi mwalimu alimfuata nje, ana furaha ya kweli.

"Mzee, umeniheshimisha. Kazi bora zote zinaenda kwa msahihishaji wa nje ahakiki alama. Nakala ya yako nimeituma jana, iko juu kabisa."

"Msahihishaji gani huyo, mwalimu?"

"Madam Marcelina. Mkaguzi wa ndani, kule kule halmashauri yenu. Atafurahi kuona mtu wa kwake."

Stanslaus alitafuta mahali pa kukaa, hapakuwepo, akaegemea pikipiki ya mtu. "Mwalimu, naomba niirudie ile kazi."

"Una arobaini na sita!"

"Naomba ile kumi na moja. Nilikuwa nimeshaizoea."

Mwalimu Gibson alidhani ni unyenyekevu. Kisha akautazama uso wa mzee, akaelewa kidogo kidogo, na furaha ikamtoka kama upepo kwenye mpira. "Kumbe ni kijijini kwako."

"Ulisema kijiji unachokijua."

"Siwezi kuirudisha, mzee wangu. Ukiitoa, somo halijakamilika. Bila somo hakuna cheti."

Bila cheti, tarehe thelathini Juni, Stanslaus anakuwa amejiondoa mwenyewe. Na cheti kikija, kinapitia mezani kwa mkaguzi. Alipanda basi kurudi nyumbani akiwa na alama za juu kuliko mwanafunzi yeyote, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Alimwambia mwenyekiti wa kijiji, Bernado, kwa sababu sahihi zilikuwa zake. Bernado alifika asubuhi ya Jumapili kabla ya ibada, amevaa suti, akakataa chai. Kwa Bernado kukataa chai ilikuwa msiba.

"Mtendaji, umeniua kwa kalamu. Umeandika hata kwamba nilitia sahihi nikiwa nakula?"

"Alitaka maelezo ya kina."

"Nilikuwa nakula nini?"

"Sikutaja."

Bernado akatulia kidogo, kama aliyepata nafuu. Kisha akaeleza mpango wake. Mkaguzi akija atakuta rundo moja. Kosa liko hapo hapo, kwenye moja. Yakiwa marundo manne, kila mradi na rundo lake, na kibao juu, tatizo limekwisha.

"Mwenyekiti," Stanslaus alisema, "kila mradi tumeuandikia tripu sitini na mbili."

"Atahesabu mawe?"

"Ndiyo kazi anayolipwa."

"Mwanamke msomi ataanza kushikashika mawe?" Bernado alisimama akafunga kifungo cha koti. "Wewe ulishaandika yako. Niachie mimi ya utendaji."

Dorkas, aliyekuwa anasikiliza kutoka jikoni bila kujificha, alitoka na mwiko mkononi. "Shemeji, hiyo siku ya kugawa mniite. Mawe yangu nayafahamu."

Hawakumwita. Jumanne vijana sita walilipwa soda na mkate wakaligawa rundo. Walifanya kazi nzuri. Marundo manne yalipangwa kwenye mstari, na kila moja likachomekwa kibao cha mbao kilichoandikwa kwa mkaa: ZAHANATI, DARASA, NYUMBA YA MWALIMU, KALAVATI. Pale lilipokuwa rundo lenyewe tangu 2017 pakabaki duara kubwa jeupe lisilo na jani, ukubwa wa nyumba, na mijusi ikizunguka hapo imepigwa na butwaa.

Marcelina alifika Alhamisi, peke yake, kwa bodaboda. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo aliyevaa raba, na kwenye pochi alikuwa na futikamba.

"Shikamoo, mama mkaguzi," Stanslaus alisema, ingawa walikuwa rika moja.

"Acha hayo, mtendaji. Sijaja kikazi. Nilikuwa napita kwenda Butiama." Barabara ya kwenda Butiama haikupita Rwasereta, lakini hapakuwa na wa kulisema hilo. Akasimama mbele ya marundo, akasoma vibao vinne kwa utulivu, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayesoma menyu ya hoteli. Kisha akaenda akasimama katikati ya duara jeupe. Akatoa futikamba, akapima duara, akapima marundo, akaandika kwenye kiganja.

"Hamsini na nane," alisema. "Tripu nne zimeenda wapi?"

"Banda la kuku la mwenyekiti," alijibu Dorkas, aliyekuwa amekuja na kikapu akijifanya anapita. "Msingi wote. Ukitaka nikupeleke."

"Mama Ghati," Stanslaus akanong'ona.

"Kwani nimesema uongo? Kauliza mawe."

Marcelina akakaa juu ya ZAHANATI. "Nimesoma kazi yako, mtendaji. Nimeipunguza alama moja, kuna mahali umerudia neno. Arobaini na tano. Umefaulu."

"Asante, mama."

"Sasa nisikilize. Karatasi ya mwanafunzi ni mali ya chuo. Siwezi kuibeba nikaiweka kwenye faili la ukaguzi. Na leo mimi sipo hapa. Kwa hiyo kiofisi sijasoma kitu na sijaona kitu. Utapata cheti chako, utakipeleka, utaendelea na kazi."

Stanslaus alisubiri sehemu iliyobaki. Miaka kumi na tisa ilikuwa imemfundisha kwamba habari njema ya serikali huwa na ukurasa wa pili.

"Kuna hela za zahanati zimekuja," Marcelina aliendelea. "Vijiji vitano. Sharti ni kijiji kiwe hakina zahanati na mawe yawe tayari yamekusanywa. Orodha inafungwa tarehe kumi na tano. Rwasereta haimo. Unajua kwa nini?"

"Tayari tunayo."

"Tayari mnayo. Tangu 2017, imekamilika, niliona kwenye jalada, nikafurahi." Akajikung'uta vumbi la mawe kwenye sketi. "Kuitoa kwenye vitabu kunahitaji maelezo yako kwa maandishi, jina, cheo na muhuri. Nikiyapata nakuja na barua, na nikija na barua sina rafiki. Hilo nalisema mapema tusije tukalaumiana. Msipoandika, hakuna atakayewauliza. Mtakuwa na kila kitu."

Marcelina alipoondoka, Dorkas alitembea na mumewe hadi nyumbani. Walipofika alimimina maji akanywa, ndipo akasema.

"Mtamba nilimuuza upate cheti usifukuzwe. Sasa unapata cheti halafu ukaandike ufukuzwe?"

"Sijasema naandika."

"Nimekaa na wewe miaka ishirini na tatu. Ukishaamua jambo unapumulia mdomo."

Akakaa naye kwenye benchi. Akahesabu kwa vidole: mshahara, ada ya Ghati ya ualimu, mkopo wa kikundi, mahindi yaliyobaki. Vidole vikaisha vya mkono mmoja, akahamia wa pili. "Hatuwezi," alisema. "Kwa dagaa peke yake hatuwezi." Kuku akaingia ndani, akatoka.

"Mke wa Jilala," Dorkas alisema baadaye, kama anayeanza habari nyingine. "Mwezi wa tatu. Unajua alijifungulia wapi?"

"Korongoni."

"Korongoni wapi?"

"Pale kwenye kalavati."

"Kalavati lipi?"

Stanslaus akainamisha kichwa. "Alijifungulia mchangani, mahali ambapo kwa taarifa za ofisi palikuwa na kalavati zuri la mawe, na mimi nilimshika mgongo," Dorkas alisema, "huku nikifikiri mume wangu ni mtu wa serikali, angekuwepo angefanya jambo." Alisema bila hasira. Kisha akainuka kwenda kugeuza dagaa juani, na akiwa mlangoni, bila kugeuka, akaongeza, "Kama unaandika, usiweke ile 'ari na moyo wa kujituma.' Nitaichana."

Barua ilikuwa fupi kuliko zote alizowahi kuandika Stanslaus. Ilifika tarehe kumi na tatu. Marcelina alikuja tarehe kumi na tisa na gari, dereva na barua, akawa hana rafiki kama alivyoahidi. Bernado alihojiwa kuhusu mihtasari na sahihi, akasema yeye hutia sahihi chochote anacholetewa, jambo ambalo lilikuwa kweli na halikumsaidia. Rwasereta iliingizwa kwenye orodha ya zahanati, namba sita kwenye orodha ya vijiji vitano. Cheti cha Stanslaus kilitoka wiki ya mwisho ya Juni, daraja la kwanza. Siku nne baadaye ikatoka barua ya kumsimamisha kazi kwa nusu mshahara hadi shauri litakapoamuliwa, nayo ilikuwa na lugha nzuri vilevile.

Ofisi aliikabidhi kwa kaimu, Abednego, mtoto wa Getruda fundi cherehani, kijana wa miaka ishirini na minne ambaye cheti alikuwa nacho tangu mwanzo na kazi ndiyo alikuwa hana. Fomu ya makabidhiano ilidai shahidi. Bernado alisema amekwenda Musoma kung'olewa jino, kwa hiyo akaitwa Dorkas.

Walihesabu meza moja, viti vitatu, cha nne hakina mgongo. Muhuri mmoja. Majalada kumi na saba. Bendera. Abednego aliandika kwa herufi safi, anakaza macho.

"Na yale mawe ya nje, mzee. Niandike?"

"Andika."

"Marundo manne?"

"Tripu hamsini na nane. Mawe ya kujengea. Hayajatumika."

"Mradi gani?"

Stanslaus alimtazama mkewe. "Zahanati," Dorkas alisema. "Vibao vingine ving'oe ukawape watu wapikie."

Abednego akaandika. Wakatia sahihi, Dorkas akatia yake polepole, kisha akapuliza wino. Stanslaus alivua ufunguo wa ofisi kwenye kamba yake, ukamganda kidogo mkononi, akautoa. Alikuwa ameshafika mlangoni kijana alipoita tena, kwa aibu.

"Mzee, samahani. Taarifa ya robo mwaka wanaitaka Ijumaa. Na muhtasari wa mkutano mkuu. Nimepitia majalada, kila muhtasari una watu mia nne. Hao mia nne mlikuwa mnawapataje?"

"Hatukuwa tunawapata."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Itisha mkutano."

"Watakuja?"

Stanslaus alifikiri. Ulikuwa msimu wa kuvuna, na watu walikuwa wamekasirika, na siku ya mkutano itakuwa siku ya mnada.

"Hawatakuja," alisema. "Andika kwamba hawakuja."